Utumishi wa Lazima Jeshini Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila vijana wanapolaumiwa kwa jambo fulani, iwe ni wizi wa simu mjini Kampala au ulevi wa waragi vijijini, hakosekani mtu wa kusema kwamba dawa yao ni moja: wapelekwe jeshini wote, kwa lazima, wakanyooshwe. Kauli hiyo imepata nguvu mpya kwa kuwa nchi kadhaa za Ulaya zilizokuwa zimeacha kuwaita raia wake jeshini zimeanza kuwaita tena. Yafuatayo ni maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu jambo hili. Ninayajibu nikiwa na msimamo ambao sitauficha: naliheshimu jeshi, lakini napinga Uganda kuanzisha utumishi wa lazima wakati nchi haijavamiwa.

Utumishi wa lazima jeshini ni nini hasa?

Ni utaratibu wa kisheria unaomtaka raia wa umri fulani aingie jeshini kwa muda uliowekwa, atake asitake, na unaomwadhibu akikataa. Nasisitiza maelezo haya kwa sababu katika mazungumzo yetu mambo matatu huchanganywa. Kuna utumishi wa kijeshi wenyewe, ambao kuruta hufundishwa silaha ili apigane akihitajika. Kuna utumishi wa taifa, kama ule wa Nigeria ulioanzishwa mwaka 1973 baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ambapo mhitimu wa chuo hupangiwa kazi ya kiraia kwa mwaka mmoja, mara nyingi mbali na kwao. Na kuna mafunzo mafupi ya uzalendo, ambayo hapa kwetu watu wengi huyaita mchakamchaka, yenye kwata kidogo na mihadhara ya siasa, na ambayo jina lake huenda sambamba na chuo cha Kyankwanzi. Mtu anayeunga mkono la tatu hajawa bado ameunga mkono la kwanza, ingawa wanasiasa hupenda kuyafunga katika kifurushi kimoja.

Je, Uganda iliwahi kuwa na utumishi huo, hata tuzungumzie kuurudisha?

Tangu uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, Uganda haijawahi kuwa na sheria ya kuwaita raia wote wa umri fulani jeshini. Jeshi letu limekuwa la watu wanaojiandikisha wenyewe, kuanzia askari waliorithiwa kutoka jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya, hadi Jeshi la Ulinzi la Watu wa Uganda, UPDF, la leo. Kwa hiyo neno "kurudisha" linafaa Sweden au Morocco. Hapa lingekuwa jambo jipya.

Hata hivyo, kulazimishwa si jambo geni kwetu, na hapa ndipo historia inapouma. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwachukua wanaume wa Afrika Mashariki kwa maelfu, wakiwemo wa Uganda, wakabebe mizigo ya jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani. Wengi waliondolewa vijijini kwa amri iliyopitia kwa machifu, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako leo watu hununua vitambaa na vyakula bila kujua kwamba wanatamka jina la kaburi lisilo na alama. Buganda nako kulikuwa na kasanvu, kazi ya lazima ya serikali ambayo watu waliichukia hata ikakomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Kisha kuna kumbukumbu iliyo karibu zaidi. Wakazi wa Kampala waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa maana ya "panda gari". Ni maneno mawili ya Kiswahili sanifu kabisa, lakini kwao ni jina la misako ambayo askari walizingira mtaa, wakawapakia watu kwenye malori, na wengine hawakuonekana tena. Sisi tunaokipenda Kiswahili na tunaofurahi kwamba tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili, tunapaswa kukubali kwamba kwa raia wengi kiliingia masikioni kwa sauti ya amri ya askari. Serikali ikiwaambia tena vijana wapande gari kwa lazima, hata kwa nia njema kiasi gani, wazee wao watasikia kitu kingine.

Katiba yetu inasema nini?

Wanaounga mkono utumishi wa lazima wana andiko la kusimamia, na ni haki kulieleza sawasawa. Ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 1995 inataja, miongoni mwa wajibu wa raia, kuilinda Uganda na kutoa utumishi kwa taifa inapolazimu. Fungu lake la pili linaongeza kwamba ni wajibu wa raia wote wenye afya na uwezo wa mwili kupata mafunzo ya kijeshi kwa ajili ya kuitetea Katiba na mipaka ya nchi, kila watakapotakiwa kufanya hivyo, na kwamba dola ihakikishe mahali na nyenzo za mafunzo hayo zinapatikana.

Maneno yanayobeba uzito ni "inapolazimu" na "watakapotakiwa". Waandishi wa Katiba, waliokuwa wametoka katika miaka ishirini ya mapinduzi na vita, waliuacha mlango ambao taifa lingeweza kuupitia likivamiwa. Hawakuandika kwamba kila kijana atapitia kambini ndipo ahesabiwe kuwa raia kamili. Tena lengo walilolitaja la mafunzo hayo ni kuitetea Katiba na ardhi ya nchi. Kuwapunguzia wazazi kazi ya malezi hakumo. Ibara ya 208 inataka jeshi lisilofungamana na chama chochote, lenye sura ya taifa zima na lililo chini ya mamlaka ya kiraia, na Ibara ya 210 inalitaka Bunge lihakikishe askari wanatoka katika kila wilaya. Haya yote yanawezekana, na yanapaswa kusimamiwa, bila kumlazimisha mtu yeyote.

Lakini je, jeshi halitawafundisha vijana nidhamu?

Hili ndilo swali ninalolisikia kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa na mzazi aliyechoka, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Ni kweli kwamba kambi humfundisha mtu kuamka mapema, kutandika kitanda, kutii saa na kuvumilia. Nimelelewa katika nyumba ya askari na nimeyaona matunda hayo kwa macho yangu. Lakini yule askari aliyenilea alijiandikisha mwenyewe. Nidhamu yake ilianza siku alipochagua, na mafunzo yaliikuza.

Sare peke yake haitoi nidhamu, na historia yetu inalithibitisha hilo. Januari 1964, askari wa kambi ya Jinja waliasi wakidai mishahara bora na vyeo kwa Waafrika, na serikali changa ikalazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza. Wale walikuwa watu waliojiandikisha kwa hiari na kufundwa kwa miaka mingi. Tukumbuke pia utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, ambapo askari wenye gwaride zuri walikuwa ndio tishio la raia. Kilicholitofautisha jeshi la baadaye ni kanuni za mwenendo zilizomwajibisha askari mbele ya mwananchi, na ufuatiliaji wa kanuni hizo. Pale ufuatiliaji ulipolegea, malalamiko ya raia yalirudi.

Naongeza jambo ambalo wazazi hawalifikirii. Kijana anayetoka kambini baada ya miezi kadhaa akiwa amejua bunduki, lakini hana kazi, hana mtaji wala ujuzi wa kuuza, amebaki na shida ileile aliyoingia nayo. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46 nchini, na takriban nusu yao ni watoto walio chini ya miaka 18. Vijana wengi kiasi hicho wanahitaji kazi, na ukosefu wa kazi hautibiwi kwa kwata.

Tanzania wana Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Kwa nini sisi tusiige?

Tanzania ndiyo mfano ulio karibu zaidi, na nauthamini kuliko mingine yote, kwa sababu hiyo niruhusiwe kuueleza kwa kirefu.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, likianza na vijana wa kujitolea. Baadaye serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kwamba wasomi nao walitumikie, kwa lazima, pamoja na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao kwa muda wa utumishi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu wakipinga, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Katika mzozo huohuo Nyerere alijipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Jambo hilo sipendi tulipite haraka: kiongozi aliyewataka vijana wajitoe alianza na mfuko wake. Anayetaka kuiga JKT hapa Uganda aanze kuiga hapo.

Mpango wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994, na sababu kubwa ilikuwa fedha. Uliporejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, uligeuka kuwa mafunzo ya miezi michache, na katika miaka ya mwanzo hawakuitwa wahitimu wote kwa kuwa kambi hazikuwatosha. Hadi leo Watanzania hutofautisha kijana "wa mujibu wa sheria" na kijana "wa kujitolea". Wa kwanza hupita, hujifunza na kwenda chuoni. Wa pili hukaa muda mrefu zaidi akitumaini ajira katika vyombo vya ulinzi, na matumaini hayo yanapokatika mambo huharibika: mwaka 2021 mamia ya vijana wa kujitolea waliondolewa baada ya kugoma wakidai ajira waliyoamini kwamba wameahidiwa.

JKT lilifanikiwa katika jambo moja ambalo Uganda inalihitaji sana, nalo ni kuwakutanisha Msukuma, Mchaga na Mmakonde chini ya paa moja, wakila ugali mmoja na kuzungumza lugha moja. Nakubali faida hiyo bila kusita. Ila Tanzania tayari ilikuwa na lugha hiyo moja na siasa iliyohubiri umoja kabla kuruta wa kwanza hajafika Ruvu au Mafinga. Kambi ilivuna palipokuwa pamepandwa. Hapa kwetu, kijana wa Karamoja na kijana wa Masaka wangekutana kambini bila lugha wanayoimiliki wote, chini ya maafisa ambao kila upande ungewahesabu kwa kabila. Tufundishe kwanza Kiswahili shuleni kwa dhati, walimu wapatikane na walipwe, na sehemu kubwa ya kazi tunayotaka kambi ifanye itakuwa imeshafanyika.

Tena kuna kikwazo cha sheria ya kimataifa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930 unaruhusu utumishi wa lazima jeshini pale tu kazi inapokuwa ya kijeshi halisi, na ule wa mwaka 1957 unakataza kutumia kazi ya lazima kama njia ya kuendeleza uchumi. Uganda imeiridhia yote miwili. Kumwita kijana kwa lazima akalime mashamba ya serikali au ajenge barabara, na kuliita zoezi hilo jeshi, ni kasanvu kwa jina jipya.

Na Eritrea je?

Anayetaka kujua utumishi wa lazima unaweza kufika wapi hana haja ya kusafiri. Azungumze na Waeritrea wanaoishi Kampala. Sheria yao ya mwaka 1995 iliweka miezi 18, sita kati yake ya mafunzo ya kijeshi. Baada ya vita na Ethiopia vya 1998 hadi 2000, muda huo uliacha kuwa na mwisho, na watu wakatumikia miaka kumi na zaidi. Wanafunzi humalizia mwaka wao wa mwisho wa sekondari katika kambi ya Sawa. Maelfu kwa maelfu wameikimbia nchi, wengi wakitaja utumishi huo kuwa sababu. Sheria iliyoandikwa ilikuwa ya miezi 18, na sheria yetu nayo ingeanza kwa namba nzuri.

Mbona basi nchi za Ulaya zinaurudisha?

Kwa sababu zina tatizo ambalo sisi hatuna. Marekani iliacha kuwaita vijana mwaka 1973, Ufaransa ikawaruhusu wa mwisho kuondoka mwaka 2001, na Ujerumani ikasimamisha mwaka 2011. Majeshi hayo yalibaki ya kulipwa na ya hiari, na yakaanza kukosa watu. Urusi ilipoichukua Crimea mwaka 2014 na kuivamia Ukraine mwaka 2022, majirani waliogopa. Lithuania ilirejesha wito mwaka 2015, Sweden ikaamua hivyo mwaka 2017, kwa wanaume na wanawake, na Latvia ikafuata mwaka 2023. Hata huko Sweden, vijana wengi hupimwa na kuachwa, na ni sehemu ndogo tu inayovaa sare.

Hapa Uganda hali ni kinyume kabisa. UPDF inapotangaza nafasi, viwanja vya wilaya hujaa vijana wanaogombania namba chache, na wengi hurudi nyumbani wakilia. Jeshi hilo limepeleka askari Somalia tangu Machi 2007 na Kongo Mashariki tangu Novemba 2021 bila kumlazimisha mtu kujiandikisha. Huwezi kuandika sheria ya kumkamata anayekataa wakati mlangoni pana foleni ya wanaotaka.

Barani mwetu, Morocco ndiyo iliyorudisha utumishi huo kwa uwazi: iliufuta mwaka 2006 na kuurejesha kwa sheria ya mwaka 2018, miezi 12, kwa vijana wa miaka 19 hadi 25. Sababu iliyotajwa sana ni ukosefu wa ajira. Naona hilo ni kukubali kushindwa mahali pengine.

Ungegharimu kiasi gani?

Tufanye hesabu ya mfano tu. Watahiniwa wa kidato cha sita kwa mwaka ni zaidi ya 100,000. Tukichukua 100,000 na kumlisha kila mmoja kwa shilingi 10,000 kwa siku, miezi mitatu peke yake ni shilingi bilioni 90, na hapo hatujagusa sare, mahema, dawa, maji, wakufunzi, usafiri wala fidia ya atakayeumia. Tena hao ni wale waliobahatika kufika kidato cha sita. Wenzao wengi zaidi walioacha shule mapema, ambao ndio hulaumiwa kwa utundu, wamebaki nje ya hesabu.

Watu wa kaskazini wanalionaje jambo hili?

Siwezi kuwasemea, na hakuna sauti moja ya Waacholi, Walango au Wateso. Naweza tu kusema kwamba mjadala huu ukiendeshwa Kampala kana kwamba kaskazini haikutokea kitu, utakuwa mjadala usio na adabu.

Kwa takriban miaka ishirini, waasi wa LRA wa Joseph Kony waliwateka watoto kwa maelfu mengi na kuwafanya askari, wapagazi na wake za makamanda. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 walivamia shule ya wasichana ya Aboke na kuwachukua wanafunzi 139. Mtawa Rachele Fassera aliwafuata porini, akapewa 109, na 30 wakabaki mikononi mwa waasi. Miaka iliyofuata, watoto wa vijijini walitembea kila jioni hadi mji wa Gulu wakalale kwenye baraza za maduka, ili usiku usiwakute majumbani. Dominic Ongwen, aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021 kifungo cha miaka 25, alipatikana na hatia ya makosa mengi, likiwemo la kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15. Yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Nasi tusisahau kwamba hata upande ulioshinda vita vya msituni mwaka 1986 ulikuwa na makadogo wake, yaani askari watoto.

Najua kwamba sheria ya Bunge na utekaji wa waasi ni vitu viwili tofauti. Lakini mama aliyewahi kumficha mwanawe chini ya kitanda ili asichukuliwe hatausoma wito wa serikali kwa utulivu wa mwanasheria.

Je, wasichana nao waitwe?

Ikiwa wito utakuwepo, sioni hoja ya kuwaacha. Wanawake wamo UPDF na wamefika vyeo vya juu. Swali la kweli ni usalama wao kambini, na mzazi ana haki ya kujua atamlalamikia nani, nje ya kambi, binti yake akidhulumiwa.

Na yule ambaye dini au dhamiri yake inamkataza kushika silaha?

Katiba imemfikiria. Ibara ya 25, inayokataza kazi ya lazima, inataja kazi mbadala atakayopangiwa kisheria mtu ambaye dhamiri yake inakataa utumishi wa kijeshi. Kwa hiyo muswada wowote usio na njia hiyo ungeanza ukiwa na kasoro. Eritrea iliwavua uraia Mashahidi wa Yehova mwaka 1994 kwa kukataa kwao, na Uganda isikaribie njia hiyo.

Wewe ungependekeza nini badala yake?

Utumishi wa hiari, wa kiraia, wenye posho na cheti kinachotambuliwa na waajiri. Ibara ya 209 inalitaka jeshi lishirikiane na mamlaka za kiraia wakati wa maafa, na maafa hatuyakosi. Maporomoko ya Bududa ya Machi 2010 yalizika kijiji, na Agosti 2024 jalala la Kiteezi liliwafukia watu pembezoni mwa Kampala. Mara zote mbili majirani ndio walioanza kuchimba kwa majembe na mikono. Kikosi cha vijana katika kila wilaya, kilichofundishwa uokoaji, huduma ya kwanza na upandaji miti kwenye miteremko ya Elgon, kingeokoa maisha ya watu. Vijana wa Mbale, Arua na Kabale wakibadilishana wilaya katika kazi hiyo, watapata ule mchanganyiko wa makabila tunaoutamani, na yeyote atakayetaka kurudi kwao mapema asihesabiwe kuwa mtoro.

Kijana anayetaka kuingia jeshini kwa hiari afanye nini?

Asubiri tangazo rasmi la UPDF, asome masharti ya umri, elimu na afya kwa makini, kwa kuwa hubadilika kulingana na kikosi, na aandae kitambulisho cha taifa, vyeti vyake halisi na barua ya kutambulishwa na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chake. Aanze mazoezi ya kukimbia mapema, kwani wengi huanguka hapo. Wala asimpe mtu fedha: nafasi haziuzwi, na anayeomba fedha ili "kukusaidia" ni tapeli, hata akiwa amevaa sare.